Mume Wangu, Mgeni wa Serikali

Watu wa umri wangu pale Ifakara hawawezi kulikana jambo hili: katika miaka ile ya hamsini, mwanamke wa bonde letu aliyerudi nyumbani na diploma ya uuguzi na ukunga, aliyoitafuta kwa miguu yake mwenyewe, nilikuwa mimi. Kama alikuwapo mwingine, hakuwahi kupita Ifakara nikamwona. Baba alifariki nikiwa bado mwanafunzi wa shule ya chini. Nauli ya kwenda Unyasa, ambako nilisikia wasichana wanafundishwa kazi ya hospitali, niliipata kwa kukausha kambale na kuwauza Sanje, maana watu wa Sanje wana ndizi na mpunga chini ya mlima wao lakini mto mkubwa uko mbali nao. Hakuna mjomba aliyenichangia. Nikisema nilijisomesha, maana yake ni hiyo.

Niliporudi nilikuwa na diploma ndani ya bomba la bati, saa ya kubana kifuani, mwamvuli mweusi wa kitambaa kizito, na mume.

Mume wangu alikuwa Mnyasa, fundi seremala, mtu mrefu asiye na haraka ya kusema. Tulifunga ndoa kanisani huko huko kwao, kwa kuwa kazi ilinibana na safari ya kurudi kuomba ruhusa ya wazee ingenipotezea mwaka wa masomo. Mama nilimpelekea habari. Jibu lake lilinifikia kwa mdomo wa dereva wa lori: "Amesema amesikia." Basi.

Mpakani walinipitisha mimi bila neno, mtoto wa nchi. Yeye walimpa pasi ya mgeni. Pasi hiyo ilikuwa na muda wake, na kila muda ulipokaribia kwisha ilibidi ipelekwe kwa wakubwa wa wilaya, ng'ambo ya mto Kilombero, igongwe muhuri upya, huku tukisubiri ombi letu kubwa lijibiwe Dar es Salaam: kwamba akae daima, kama mume wa mwenyeji. Tulidhani ni jambo la mwezi mmoja au miwili. Karani aliyepokea ombi alilisoma, akalisoma tena, akanitazama.

"Mama, sheria inajua mke anayemfuata mume. Mume anayemfuata mke, huyo hana mahali pa kuandikwa."

"Basi atafutiwe mahali," nikamwambia. "Nimetoka mbali kuliko hapo."

Alicheka, lakini ombi alilipokea. Sikuwahi kurudishwa mlangoni mwa ofisi yoyote nikiwa nimevaa ile saa.

Pasi ilikuwa na sharti moja ambalo nililisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima, siku ya kwanza tu tulipofika, ili pasitokee makosa. Nilitafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza: mwenye pasi hii haruhusiwi kufanya kazi ya namna yoyote katika nchi hii. Nikawaeleza kwamba akionekana ameshika kazi, serikali itamchukua na kumrudisha alikotoka. Wajomba walitikisa vichwa. Mama sikujua kama alisikia, kwa sababu hakuwa kati yao. Alikuwa nyuma ya kihenge cha mpunga. Alijificha pale kabla lori halijazima injini, mara tu alipouona mguu wa mume wangu ukishuka.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja lazima aingie majanini hadi mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe. Mwiko huo hufunguliwa siku moja tu, mtoto wa kwanza anapozaliwa, mkwe anapoleta mbuzi na jembe. Nilijua yote hayo tangu nikiwa mdogo. Lakini nilijua pia kwamba mama mkwe anayemkubali mkwewe humtumia maneno kupitia watu wengine. Mwambieni mkwe paa langu linavuja. Mwambieni mkwe nguruwe pori wamevunja ua wa shamba. Kazi ndiyo salamu yao. Mama yangu hakutuma neno hata moja. Alijificha tu. Nikabaki sijui kama anajificha kwa heshima au anajificha kwa kutomtaka mtu niliyemchukua bila kumuuliza.

Mume wangu, aliyelelewa misheni na watu wasiofuata mambo hayo, hakuwa na shaka. Siku chache baada ya kufika alichukua kigoda alichokichonga mwenyewe kwao, akaenda peke yake nyumbani kwa mama. Alimkuta anatwanga. Akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wafanyavyo kwao, akainua uso na kusema, "Shikamoo, mama." Mama aliangusha mchi. Njia ya kutokea uani ilikuwa nyuma yake yeye mgeni, kwa hiyo mama akatokea upande ambao haukuwa na njia, akapasua ua wa matete na kwenda zake mpungani.

Mume wangu alirudi nyumbani ameshika kigoda chake.

"Mama yako amevunja ua kwa sababu yangu."

"Hiyo ni adabu," nikamwambia.

"Adabu ya kuvunja ua?"

"Ndiyo. Ungekuwa mtu baki angekupa maji ya kunywa."

Alikiweka kigoda mvunguni mwa kitanda, na kwa muda mrefu sikukiona tena.

Ukaanza mwaka wa kusubiri. Mimi nilikuwa na kazi yangu ya kliniki, na kazi ile niliifanya vizuri kuliko mtu yeyote kabla yangu. Waulizeni wale niliowatoa matumboni mwa mama zao wametanguliza miguu, leo ni watu wazima wenye mvi. Lakini hata katikati ya kazi sikio langu lilikuwa barabarani. Lori likinguruma, nilinawa mikono na kutoka kuangalia kama tarishi ameshuka. Nilihamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, kisha nikakirudisha. Nilipanda maua mbele ya nyumba nikayang'oa. Sikuweza kununua hata mtungi mkubwa wa maji, kwa sababu mtungi mkubwa ni wa watu wanaokaa.

Yeye alikuwa na hali mbaya zaidi. Mwanamume mwenye ufundi, mikono miwili mizima, na sanduku la zana lililofungwa kwa kufuli. Watu walikuja kuulizia milango, vitanda, masanduku ya maiti. Aliwajibu, "Bado, ndugu yangu, bado." Asubuhi alinoa patasi na randa ambazo hazikuwa zimetumika tangu ziliponolewa jana yake, hadi nikalificha jiwe la kunolea. Mchana alitembea mpaka Kivukoni, akasimama kutazama pantoni ikivusha magari na magunia. Aliona ubao mmoja wa pantoni umeanza kulegea. Akawaonyesha wavushaji. Wakamwambia, "Fundi, kaza wewe." Akatia mikono mfukoni akarudi nyumbani, na jioni ile hakula.

Jirani yangu, mwanamke aliyeuza maandazi mbele ya nyumba yake na ambaye ulimi wake ulikuwa na makali kuliko kisu chake, hakutuacha tupumue.

"Mama kliniki," alianza kila nilipopita, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako huyu siku ya ngapi?"

"Wangu ni mgeni wa serikali. Ukitaka kumpa jembe, kaombe muhuri kwanza."

"Kusoma kote huko, mpaka Unyasa, ukarudi na mwanamume wa kukaa kwenye kiti."

"Na wewe wako anayelima, mbona maandazi unauza wewe?"

Tulicheka wote wawili, kwa kuwa ilikuwa lazima tucheke, lakini mimi nilifika nyumbani nikafunga mlango na kutembea chumbani kwenda na kurudi. Mtu aliyejitoa kwenye kambale hadi kwenye diploma hazoei kungoja mtu mwingine aamue. Kila kitu nilichopata maishani nilikiendea. Hiki hakikuwa na njia ya kukiendea.

Masika yakaingia. Mto ukapanda, ukatoka kingoni, ukafunika mbuga na mashamba ya chini, pantoni ikafungwa kwa minyororo. Wakati huo huo pasi ilikuwa inakaribia kwisha tena. Siku moja mume wangu akanena akiwa amekaa kizingitini akitazama mvua.

"Mvua zikikatika nitarudi kwetu. Nitaomba nikiwa huko, kama mtu mwenye kazi."

"Wanaoomba kutoka huko hawajibiwi."

"Na wanaoomba kutoka hapa?" akauliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Serikali naweza kuingoja. Lakini mama yako hanitaki, na hilo halina ofisi ya kuombea."

Nilijua kwamba akipanda lori lile hatarudi. Si kwa kukosa mapenzi. Mtu akishafika kwao akashika randa yake na watu wakamwita fundi, hawezi tena kupanda lori kuja kukaa kwenye kiti. Na mimi singeweza kumfuata, kwa sababu mama alikuwa peke yake, na kliniki ile, nasema bila kuona haya, ingefungwa.

Jumbe wetu akaleta habari. Bwana Shauri mpya, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa kwenye safari ya kuzungukia wilaya, mvua zimemkwamisha Lupiro, na ameamua kusikiliza mashauri ya watu huko huko. Faili letu analo. Dar es Salaam wamemwandikia wakitaka maoni yake, na yeye anataka mzazi wa mke afike mwenyewe, pamoja na mume, amtambue mbele yake kwamba ndiye mkwe. Asiporidhika, pasi haitagongwa muhuri tena.

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa anapepeta mchele. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umeoza chini, kuku wanapita hapo wakitaka. Niliuona na sikuutilia maanani.

"Mama, inabidi uende Lupiro, ukasimame na yule mtu mbele ya Mzungu useme ni mkweo."

Aliendelea kupepeta.

"Nitakwenda."

"Mtasimama pamoja."

"Nimesema nitakwenda," akasema mama. "Sijasema nitasimama."

Palikuwa na mtumbwi mmoja tu siku ile uliokubali kuvuka na watu, wa mvuvi ambaye kwa ukoo wake alikuwa mtani wetu. Mtani husema apendalo, hata msibani. Alipoelewa kwamba mama mkwe na mkwe wanapanda mtumbwi mmoja, aliuchomeka upondo wake kwenye tope akakaa chini kwa raha.

"Leo nitapata cha kuwasimulia samaki," akasema. "Mnamkalisha wapi nani? Nimgeuze mkwe kifudifudi kama samaki kitoga?"

"Mama akae mbele aangalie mbele," nikasema. "Sisi nyuma."

"Na akigeuka kuangalia kama tumefika?"

Nilifungua mwamvuli wangu wa Unyasa. Mama akapanda, akakaa mbele kabisa, akaupokea mwamvuli na kuulaza mgongoni, hata tukawa tunaona duara jeusi tu, kama ngao, na visigino vyake chini. Mume wangu akakaa nyuma yangu. Tukavuka hivyo. Tulipita juu ya mashamba ya watu. Vichwa vya mpunga vilionekana chini ya maji, na dungu la kuamia ndege lilisimama peke yake katikati ya bahari ile, miguu majini. Mvua ilinyesha upande wa mbele, ikampiga mama usoni, kwa kuwa mwamvuli ulikuwa nyuma. Alilowa kichwa mpaka magoti. Hakuusogeza.

"Mtani," mvuvi akaniambia, "umeleta mwamvuli wa kukinga macho ya mtu, si mvua."

Mume wangu hakucheka. Aliegama sikioni kwangu. "Heri alowe kuliko kuniona," akanong'ona.

Tuliposhuka ng'ambo tulitembea, mama mbele, mimi katikati, yeye nyuma sana, mpaka Lupiro.

Bwana Shauri alikaa kwenye baraza ya jengo la mahakama ya jumbe wa huko, meza mbele yake, ndoo chini ya mahali palipovuja. Alikuwa kijana, uso mwekundu kwa mbu. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kwa hiyo alikuwa na mkalimani, mtu wa pwani mwenye tarbushi, msafi sana, aliyetutazama watu wa bonde kama mtu anayetazama viatu vyake vikiingia tope. Watu wengi walikuwa wamekaa uwanjani chini ya kibanda cha makuti wakingoja mashauri yao, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine.

Mimi nilizungumza naye Kiingereza. Nilimwona mkalimani anashtuka, na sikuwa na haraka ya kumaliza sentensi zangu. Nilionyesha cheti cha ndoa, nikaonyesha diploma. Bwana Shauri alivitazama kwa adabu.

"Hivi vinanionyesha kwamba umeolewa huko," akasema. "Nataka kujua kama umeolewa hapa."

Lilikuwa swali zuri, na ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi mwaka mzima. Sikumwambia hivyo.

Mume wangu akaitwa, akasimama kulia kwa meza. Mama akaitwa. Alipanda ngazi akiwa amejifunika kanga kichwani, akafika hadi akaona viatu vya mkwewe. Hapo akageuka kabisa, akawapa mgongo wote, meza, Mzungu na bendera.

"Mama," mkalimani akamwambia, "unaulizwa, unamjua mtu huyu aliyesimama hapa?"

Mama akatazama uwanjani.

"Mtazame. Ni nani wako?"

Mama akavuta kanga, ikafunika uso hadi kidevuni. Kisha akashuka ngazi haraka kuliko alivyopanda, akarudi uwanjani.

Mkalimani akamgeukia bwana wake. Kiingereza chake nilikielewa vizuri: mwanamke huyu amekataa kumtambua, ameona aibu kusema uongo mbele ya serikali, ameondoka.

"Sivyo," nikasema. "Kwetu mama mkwe haruhusiwi kumtazama mkwewe. Kuondoka kwake ndiko kukubali kwake."

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. "Kila shauri nililosikia wiki hii," akasema, "lina mila ambayo inamfaa anayeisema. Wewe ndiye mwenye haja. Siwezi kuandika kwamba mtu amekubali kwa sababu amekimbia."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amefumba macho. Naapa kwamba kwa mawazo alikuwa tayari kwenye lori la kwao. Na mimi, pamoja na diploma yangu na Kiingereza changu, sikuwa na neno lingine la kusema, kwa sababu moyoni nilikuwa naogopa mkalimani yule kasema kweli.

Mume wangu akafumbua macho, akasema, "Bwana, inatosha." Akashuka ngazi kwenda zake. Hakuijua adabu ya pale. Alipita njia fupi, katikati ya uwanja, akaelekea moja kwa moja walikokaa wanawake, kwa kuwa njia ya kwenda mtoni ilikuwa nyuma yao. Na mama alikuwa hapo hapo, hana kihenge, hana ua, hana mwamvuli, maana mwamvuli ulikuwa kwangu.

Hakuna aliyetoa amri. Wanawake wale, ambao wengi wao hawakumjua mama wala mimi, waliinuka wote kwa pamoja. Walivua kanga za mabegani, wakazishika pembe kwa pembe, wakazinyoosha juu. Ukasimama ukuta wa kanga, mwekundu, mweusi, wa maua, kutoka nguzo hadi nguzo ya kile kibanda, mama yuko nyuma yake na mume wangu mbele yake. Bibi kizee mmoja akamkaripia.

"Wewe mkwe wa watu, huoni mbele? Pita kule."

Upande wa wanaume wakaanza kucheka, na mmoja akapaza sauti, "Mwacheni, mgeni huyo, hajui njia za wakwe." Mume wangu alisimama amepigwa na butwaa mbele ya ukuta ule. Nadhani ndipo alipoelewa. Watu wasiomjua kabisa walikuwa wamemwita mkwe.

Bwana Shauri alikuwa amesimama kitini mwake. Kabla hajasema kitu, sauti ya mama ikatoka nyuma ya zile kanga, kavu, ya mtu anayeuliza bei.

"Muulizeni Bwana Shauri. Mtu akimtengenezea mama mkwe wake mlango, atafungwa?"

Bwana Shauri akamwuliza mkalimani, "Amesema nini?" Mkalimani akatafsiri, safari hii taratibu. Bwana Shauri akamtaka arudie. Akarudia.

"Nani amemwambia atafungwa?" akauliza Bwana Shauri.

"Binti yangu amesoma karatasi," ikajibu sauti. "Alisema akishika kazi yoyote, serikali itamchukua. Mlango wangu umeoza tangu kiangazi. Nimenyamaza. Paa linavuja, nimenyamaza. Sasa nauliza mwenye serikali mwenyewe."

Watu wote wakageuka kunitazama mimi. Mpaka leo nasema niliisoma ile pasi sawasawa. Maneno yalikuwa hivyo, na Bwana Shauri mwenyewe aliichukua akayasoma na hakusema nimekosea. Aliinama, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, polepole, akielekeza maneno kwenye kanga, "Mama, mlango wa mkwe si ajira. Hafungwi." Akaigonga pasi muhuri. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba atawaandikia Dar es Salaam kile alichokiona, na kwamba jibu si lake kutoa. Ningoje.

Kungoja tena. Lakini nilishuka ngazi zile kama mtu aliyepewa.

Mtumbwini tulikaa vile vile, mama mbele na duara lake jeusi mgongoni. Mvua ilikuwa imepungua. Tulipofika katikati, juu ya mashamba, mama akasema bila kugeuka:

"Mpiga kasia, mwambie mtu aliye nyuma, mbao za mlango zisiwe za mti laini. Mchwa."

Mtani akaacha kupiga kasia. "Wewe uliye nyuma, umeambiwa mbao zisiwe laini."

Mume wangu alikohoa. "Mwambie mama nitatumia mninga. Lakini nahitaji kwenda kupima."

"Wewe uliye mbele, anataka kuja kupima."

"Aje kesho," mama akasema. "Nitakuwa shambani."

"Shamba gani, mama?" mtani akauliza. "Shamba si ndilo hili tunalopita juu yake?"

"Piga kasia," mama akamwambia.

Mume wangu alicheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu Unyasa. Nilihisi goti lake likitikisika mgongoni mwangu. Asubuhi yake nilimpa jiwe lake la kunolea. Alifungua kufuli la sanduku, akaenda kwa mama na kamba ya kupimia, akakuta nyumba haina mtu, na kizingitini wali umefunikwa kwa ungo. Akala. Aliporudi alikitoa kigoda mvunguni, na siku ya pili akakiacha pale pale ulipokuwa wali.

Jibu la Dar es Salaam lilikuja mpunga ukiwa umekwisha vunwa, baada ya mimi kutoka kuangalia malori mengi ya bure. Tarishi alinikabidhi kliniki. Sikuvua hata aproni. Nilipita mbele ya muuza maandazi nikiipunga ile karatasi ili aione vizuri, nikaenda kwa mama, kwa sababu nilijua mume wangu yuko huko akikaza paa.

Mlango wa mninga ulikuwa umefungwa. Mama alikuwa ndani, amekaa nyuma yake kwenye kigoda. Yeye alikuwa nje, ameegemea ubao, nyundo mapajani. Walikuwa wanazungumza. Mlango ule uliwafaa hivyo: hakuna anayemwona mwenziwe, wala hawahitaji tena mtu wa katikati. Nilisimama hapo kidogo bila kuhitajika, jambo ambalo sikulizoea, kisha nikaisoma karatasi kwa sauti, nikitafsiri neno kwa neno.

Ndani nikasikia kigoda kikisogezwa karibu na mlango.

"Soma tena pale panaposema daima," mama akasema.

Nikasoma tena.

"Haya. Mwambie basi, akimaliza paa, kuna dirisha."

"Nimesikia, mama," mume wangu akajibu mwenyewe, na akapanda juu kuendelea na kazi.

Mimi nilikwenda sokoni nikanunua mtungi, ule mkubwa kuliko yote.